Mukono ya Kuume

Bruxelles, le 14 janvier 1996

Mudogo yangu Bibiane,

Jambo sana, jambo tena. Mi niko muzima, nguvu iko, meno iko, isipokuwa ile tano unajua. Habari ya kifo ya Constant wako ilinifikia baada ya miezi sept, pole sana, alikuwa bwana muzuri, lakini alikuwa anakula polepole sana. Salimia mutoto wako Claudine. Mwambie nonko wake, mi huyu, angali anapanda ngazi étage ya quatre na mufuko ya viazi ku bega.

Minaandika mwenyewe. Maman Rolande, ule mwenye duka ya vitenge ku Chaussée de Wavre, alitaka kuniandikia. Nikamwambia, maman, hii mukono iliangusha wanaume 40, itashindwa na bic?

Bon. Neno njo hii. Unamukumbuka Monsieur Omer? Ule Mubeleji wa mustache, arbitre, mwamuzi wa ngumi, siku ile ya Mbombo. Angali muzima, miaka 81, anakaa ku nyumba ya bazee kule Woluwe. Alinitafuta. Yeye na Bakongomani ya Matonge banatengeneza fête yangu, sherehe ya kuniheshimu, dimanche ya 30 juin. Fête ya Nyundo ya Kivu! Nitavaa mukanda yangu ya champion, ya mwaka 1958, mbele ya bantu bote.

Unakumbuka siku ile, Bibiane? Bukavu yote ilikuwa pale, hata masoeur, wale masista. Ule Mukasai Mbombo alikuwa anabeba saruji mifuko mbili-mbili, bantu banasema hakuna wa kumuweza. Round ya quatre nilimupasua juu ya jicho na kushoto, damu ikaruka ku shemisi nyeupe ya Monsieur Omer. Round ya six nikamuangusha, akasimama. Nikamuangusha tena, akasimama tena, anacheka na damu ku meno. Alors nikamuletea kuume tena, na nguvu yote, hapa, karibu na sikio. Nilisikia mufupa ya kichwa inalia. Akaanguka kama mufuko yake ya saruji, miguu inapiga-piga yenyewe, macho imegeuka nyeupe. Bantu bakanibeba mpaka ku marché. Mwaka haikuisha, Monsieur Omer akanileta huku Ulaya. Yote ya maisha yangu ilitoka ku ile ngumi moja.

Na usifikiri imeisha. Wiki iliyopita ku Molenbeek kijana moja ya miguu mirefu alinisukuma ku mulango ya café, anasema pardon pépé, ni kusema babu, anacheka. Nikamupa moja ya tumbo. Alikaa chini ku trottoir akatapika kahawa. Na miaka 66, mudogo yangu!

Donc, tuma photo ya siku ile. Tuma culotte nyekundu ya kupigania, kama mende haikuikula. Zile bandes, vitambaa ya kufunga mikono, kama mama aliziweka ku sanduku, usitume. Iko chafu. Choma tu.

Mi yaya yako, kaka mukubwa,
Nyundo ya Kivu


Bukavu, le 3 mars 1996

Yaya Onésime,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Barua yako ilinifikia jana. Askari wa mpakani waliifungua, wakaifunga tena kwa chewing-gum. Claudine amejifungua mtoto wa kike, Jémima, kilo tatu, analia kwa sauti yako. Mimi mguu unanivimba lakini ninatembea. Mji umejaa askari wasiolipwa, kwa hiyo wanakula kwetu. Jirani aliwanyima kuku. Walimpiga kwa kitako cha bunduki mpaka sikio likabaki linaning'inia. Nililishona mimi, kwa uzi wa nguo.

Photo hii hapa. Culotte ililiwa kweli.

Bandes sikuzichoma, yaya. Ninazo tangu siku ile, ndani ya kopo la maziwa. Kwa nini unataka nizichome?

Kuna jambo sikukuambia. Ulifikiri Mbombo alirudi Kasai akafia huko. Hakurudi. Yupo kwangu. Tangu siku ile haoni, na mguu mmoja anauburuta. Mke wake alimwacha. Nilimwambia Constant kabla hatujafunga ndoa: ukinioa mimi, unaoa na kipofu. Akakubali. Mbombo analala kwenye annexe, chumba kidogo nyuma ya jiko, na miaka hii yote nimempikia mimi.

Sasa nitakuambia kwa nini. Wiki mbili kabla ya ile mechi ulivunjika mfupa wa mkono wa kuume, ukaniambia mimi peke yangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nafanya kazi kwa masoeur kwenye dispensaire, na Soeur Tine alinifundisha kufunga mifupa kwa plâtre, ule unga mweupe unaoloweshwa na maji na kukauka kama jiwe. Hukumwamini mtu mwingine kukufunga mikono. Basi nikaweka tabaka mbili za plâtre chini ya bande, ili mfupa usicheze. Nilitaka usiumie. Haki ya Mungu sikujua jambo lingine. Niliwaza mkono wako tu, kichwa cha yule mwingine sikukiwaza hata kidogo. Nilipozikata bandes, Mbombo amelala pale chini anatoka damu puani, ndipo nilipoelewa.

Sheria mnaijua ninyi: arbitre anabonyeza bande kwa dole gumba, ikiwa laini anatia sahihi kwa wino. Hizi hazina wino, yaya. Nimezitazama miaka thelathini na minane.

Yeye hajui. Kila mgeni akija anajisifu: "Unajua nani alinizima macho? Nyundo ya Kivu mwenyewe! Ngumi kama ile Mungu anaitoa mara moja!" Mimi nasonga ugali tu. Sasa kifua kinamsumbua, atakwenda. Nataka ajue kabla. Lakini nikimwambia yeye, nimeuambia mji wote, na jina ni lako. Nipe ruhusa.

Mdogo wako,
Bibiane


Bruxelles, le 20 avril 1996

Bibiane,

Jambo. Mvua inanyesha tangu Paska. Mutoto wa Claudine, hongera, lakini Jémima gani, mungemuita jina ya mama.

HAPANA. Umesikia? Hapana. Plâtre gani? Plâtre ni hii mufupa yangu! Ungekuwa karibu ningekuchapa kofi moja ukalale na kuamka mwaka kesho. Unakaa kule unafuga muntu wangu ku nyumba yako miaka trente-huit hauniambii, halafu unaniomba ruhusa ya kuniua!

Unafikiri mi nilishinda na unga ya masoeur? Uliza Liège. Mwaka ya 1961 nilimuvunja mbavu Muflama moja, kubwa kama kabati, alikojoa damu siku tatu. Uliza Anvers. Kule nilimutolea muntu meno, moja ilibaki ndani ya gant, ile glavu yangu, niliipeleka nyumbani. Uliza ile dancing nililinda mulango miaka 19. Muntu alileta kisu, nikamukunja mukono mpaka ikalia kama kuni kavu. Ile yote ilikuwa plâtre?

Na hata kama uliweka, mi sikusikia kintu. Kintu! Mukono ilikuwa mwepesi kama siku zote.

Mbombo anasema vizuri. Ngumi kama ile Mungu anaitoa mara moja. Muache na maneno yake. Unataka kumunyang'anya hata hii? Anakula, analala, anajisifu. Mi pia.

Choma bandes. Ni yaya yako anakuambia, haiko kuomba.

Onésime, Nyundo ya Kivu, combats 44, ushindi 40


Bukavu, le 2 juin 1996

Yaya,

Salamu. Hapa hatujambo, Jémima ameota jino. Mbombo anakohoa usiku na mchana. Nimempa dawa, ananiambia dawa za wanawake.

Unasema mkono ulikuwa mwepesi.

Nakumbuka hivi. Nilimaliza kukufunga, kabla ya kuvaa gants. Ulikuwa umekaa kwenye benchi ya padri. Ulipiga benchi kwa mkono wa kuume, mara moja, polepole. Benchi ikalia ko. Ukanitazama. Mimi nilifikiri unapima kama mfupa unauma. Ukasema, "Funga gants, haraka."

Ni hilo tu ninalouliza. Sitamwambia lolote mpaka unijibu. Nimevumilia siku zote hizi, nitavumilia na posta.

Bibiane


Bruxelles, le 7 juillet 1996

Mudogo yangu Bibiane,

Jambo. Salimia bote. Mi niko muzima, ni mudomo tu imevimba, haikuwa ngumi, ni mulango ya polisi.

Fête ilikuwa kubwa. Bantu 150, pondu, samaki, makayabu, na muziki. Saa tisa ya muchana bakaniingiza, bote banasimama. Mukanda haifiki tena ku tumbo, Maman Rolande akaifunga nyuma na kamba ya vitenge. Bakabandika photo yako kubwa kama mulango. Mi niko juu, Mbombo iko chini. Nikasema discours dakika vingt, hakuna muntu alikohoa.

Njo Monsieur Omer akasimama. Amekunywa. Alinikumbatia mbele ya bantu, akaniambia ku sikio, polepole: "Siku ile sikubonyeza bande yako, Onésime. Nilikuona vile unashika mukono. Nilijua. Lakini nilitaka kukuleta Ulaya. Tulitengeneza champion, hein, sisi wawili?" Akanikonyeza.

Nilimupiga. Na kushoto, sababu kuume inatetemeka sasa, sikukuambia. Ku mudomo. Meno yake ya kuweka iliruka ikaanguka ndani ya sahani ya pondu. Alikaa chini kama mutoto, damu inatoka ku mustache, na angali anacheka, anafikiri ni furaha. Nikamuinamia nimupige tena. Bantu cinq balinishika, nikaangusha wawili yao, meza ikaanguka, maman moja akapiga kelele Nyundo amepanda wazimu. Polisi balikuya. Balinifungia mpaka jioni. Monsieur Omer hakutaka plainte, hakunishitaki. Bantu banauliza, papa, alikuambia nini? Sikusema. Mbele yao sikuweza, Bibiane. Mi ule wa kuweza bote.

Alors minakuambia weye.

Nilisikia. Ile ko ya benchi, mi niliisikia kabla yako. Nilijua ni plâtre, sababu babeba-gants, wasaidizi ya wapiga-ngumi wa muji ya Léo, balikuwa banaongea hii mambo kila siku. Nilikutazama nikaona uso yako, nikaona huyu mutoto hajui alichofanya. Nikawaza, muzuri, ni yeye alifanya, haiko mi. Nikasema funga gants.

Na ile mara ya tatu, Mbombo alikuwa amesimama, mikono yake iko chini. Alikuwa amekwisha. Kushoto ingetosha, hata kidole. Nilitaka kusikia ile mukono inafanya nini kama minaitupa na nguvu yote.

Njo maana nilisema choma. Miaka yote nilikuwa minasema labda Bibiane alisahau. Weye unamupikia ugali kwa zambi yangu, mi niko huku minakula frites ku jina yake.

Sema naye. Mwambie mi njo nilijua, haiko weye. Usibadili neno.

Yaya yako


Bukavu, le 8 septembre 1996

Yaya Onésime,

Salamu za nyumba nzima. Barua yako ilipita Bujumbura, ikanifikia mwezi wa nane. Nililia siku mbili, si kwa uchungu tu. Miaka thelathini na minane nilijiita muuaji wa macho ya mtu, na wewe ulikuwa na nusu ya hatia hiyo mfukoni, hukuitoa. Hilo tutaliongea siku nyingine, Mungu akitupa siku.

Nilimwambia Mbombo jumapili, baada ya misa. Nilimsomea barua yako yote. Akaomba bande. Akaipapasa kwa vidole, akaigonga kwenye meno yake. Ko. Akauliza, "Ilikuwa hii?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na yeye alijua?" Nikasema, ndivyo alivyoandika.

Alirusha sahani, maharage ya moto yakanimwagikia kifuani. Kisha akanyanyua fimbo. Haoni, lakini alinipata: mara moja begani, mara ya pili hapa juu ya jicho, pakapasuka. Sikukimbia. Claudine alitaka kumwangusha, nikamwambia acha amalize. Akapiga mlango, akapiga ukuta, akapiga hewa mpaka pumzi ikamwishia. Siku tatu hakula chakula cha mkono wangu.

Siku ya nne nilimsikia anacheka kule annexe. Nilifikiri amepotewa na akili. Akaniita.

"Bibi! Nilisimama mara ngapi?"

"Mara mbili, papa."

"Mbele ya jiwe?"

"Mbele ya jiwe."

"Donc sikupigwa na mtu. Nilipigana na ukuta, na nilisimama mara mbili! Yeye kuna siku alipigana na ukuta? Amewahi kusimama mara mbili, yule fundi wa plâtre? Mwandikie. Mwandikie leo hii: mkanda ni wangu. Autume. Na aandike ndani jina langu kwa mkono wake, hata kama anaandika kama kuku."

Hivyo ndivyo alivyosema. Anakula tena, anaomba chumvi. Najua mkanda ule ni nini kwako. Sikushauri kitu.

Bibiane


Bruxelles, le 29 septembre 1996

Bibiane,

Jambo. Jicho yako, pole. Weka maji ya chumvi.

Mukanda iko ndani ya hii colis, Maman Rolande anakwenda mwenyewe mpaka Bukavu. Nilikaa nayo wiki nzima ku magoti. Ukuta yangu sasa iko na alama nyeupe pahali mukanda ilikuwa inaning'inia, bantu bakiingia banatazama pale.

Jina yake nimeandika ndani na bic, nimekaza sana, haitoki.

Lakini mwambie, ile kushoto ya round ya quatre haikuwa na plâtre. Ile ilikuwa yangu. Asiiguse.

Onésime


Bukavu, le 9 décembre 1996

Yaya,

Tuko hai, mimi, Claudine na Jémima. Naanza hapo, kwa sababu najua mmesikia redio.

Mkanda ulifika katikati ya mwezi wa kumi. Mbombo alipapasa jina lake, uliloandika kama kuku, kwa kidole, herufi moja moja. Akauvaa juu ya koti. Hakuuvua tena, hata kulala. Majirani walipita kumsalimia: "Champion!" Naye anajibu, "Shikeni foleni." Na kuhusu kushoto yako ya round ya nne alisema: "Hiyo namwachia. Ilikuwa nzuri."

Mwisho wa mwezi vita iliingia mjini. Askari waliokuwa wanakimbia walipita nyumba kwa nyumba. Kwetu walikuja saba, asubuhi, uji ukiwa motoni. Walichukua redio, magodoro, mbuzi. Mmoja alimpiga Claudine teke la tumbo kwa sababu ya pete. Mbombo alikuwa amekaa uani juani. Walifikiri mkanda ni dhahabu.

"Vua, mzee."

"Njoo uvue."

Askari akaweka mkono. Mbombo alimsikia pumzi, yaya. Alimpa kushoto moja, kutoka kwenye kiti, na taya la yule kijana likalia, nikalisikia kutoka jikoni. Wenzake walicheka kwanza. Kisha wakamtwanga kwa vitako vya bunduki, kichwani. Akaanguka. Mimi nimelala kifudifudi, mguu wa mtu uko shingoni mwangu, nikajikuta nahesabu. Sita: alisimama. Damu inamwingia kwenye yale macho. Akasema, "Moja." Wakamwangusha tena, wakampiga pale chini. Nikahesabu mpaka tisa. Alisimama, ameshika ukuta. Akasema, "Mbili. Ya tatu nani?"

Ya tatu hawakutumia mikono. Risasi nne.

Waliukata mkanda kwa kisu. Walipoona ni shaba na ngozi wakautupa mferejini. Nimeuosha, nimeushona. Makaburini hapakufikika; tulimzika nyuma ya annexe, mimi na Claudine, kwa jembe na sufuria.

Mkanda ninao. Sikumzika nao, kwa sababu ulikuwa wako miaka mingi kuliko wake. Maman Rolande amekwama hapa, atarudi huko njia ikifunguka. Sema: nimpe akuletee, au?

Bibiane


Bruxelles, le 5 janvier 1997

Mudogo yangu,

Jambo. Minamushukuru Mungu kwa weye, na Claudine, na kale katoto.

Nimesoma barua yako mara nyingi, mi ule wa kusoma vibaya. Nilisimama ku chumba, nikajaribu. Nilijiangusha chini mwenyewe, nikahesabu. Ku kumi nilikuwa ningali ku magoti.

Monsieur Omer nilikwenda kumuona Woluwe. Sikumupiga. Nilimuambia vile Mbombo alikufa. Hakucheka.

Mukanda usitume. Fungua ile kaburi, muvalishe. Juu ya koti, vile alikuwa anataka. Bandes pia weka, chini ya miguu yake, akanyage.

Bantu ya Matonge banauliza mukanda iko wapi. Minabajibu, iko na mwenyewe. Banafikiri minazeeka.

Weka musalaba ya mbao nguvu. Andika: Mbombo, champion, Bukavu 1958. Usiandike jina ya muntu alimushinda, sababu hakuna.

Onésime